Simu Ikikwapuliwa, Pesa Isiende Nayo

Pesa yako haiko ndani ya simu. Simu ikizama ziwani na salio la laki nane, ukienda kurudisha laini utaikuta laki nane yako palepale, kwa sababu hesabu zinatunzwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu au ya benki. Ulichokuwa nacho mkononi ni funguo. Mwenye kuzipata funguo hizo hana haja ya kuvunja kitu: anaiambia mitambo kwamba yeye ni wewe, mitambo inamwamini, muamala unapita.

Watu wengi hulinda simu kama chombo. Wanainunulia kava, wanaweka alama ya kidole, kisha funguo nyingine zinabaki zikining'inia nje. Mitambo hukutambua kwa vitu vinne: laini yenye namba yako, namba ya siri, simu ambayo programu ya benki ilishasajiliwa ndani yake, na barua pepe uliyofungulia akaunti zako. Na ufunguo mmoja huzaa mwingine. Aliye na laini hupokea namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Aliye na namba za uthibitisho anaweza kujaribu kufungua barua pepe. Aliye na barua pepe anabadili nenosiri la karibu kila kitu kilichobaki. Ndiyo maana kufunga mlango mmoja kwa kufuli kubwa hakusaidii sana ikiwa mlango wa pili umeegeshwa.

Dakika za mwanzo baada ya kukwapuliwa

Tuseme simu imepokonywa dirishani mwa daladala pale Buguruni, ikiwa imefungwa kwa alama ya kidole. Kibaka hawezi kuingia ndani, na wala hahitaji. Anachukua pini, anafungua kisahani cha laini, anaitoa na kuitia kwenye kitochi. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili. Kuanzia hapo kila ujumbe na kila simu inayokuja kwa namba yako inaingia kwake, huku kioo chako kikiwa bado kimefungwa vizuri kabisa.

Anaanza na menyu ya pesa. *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money, *150*88# ya HaloPesa, *150*03# ya CRDB, *150*66# ya NMB: menyu hizi hufunguka kwenye kitochi chochote chenye laini yako. Kinachomzuia ni tarakimu nne za namba ya siri. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, na mitambo huifunga akaunti baada ya kukosea mara chache, kwa hiyo hawezi kujaribu zote. Lakini hajaribu zote. Anajaribu 1234, 0000, kisha mwaka wako wa kuzaliwa. Mwaka huo anaupata wapi? Kama pochi ilienda pamoja na simu, anao kitambulisho chako cha taifa, cha NIDA, na tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Vilevile anaweza kupokea simu ya mumeo mara itakapoingia kwenye kitochi kukutafuta, akajifanya msamaria mwema aliyeokota simu, akachota habari mbili tatu.

Menyu ikigoma, anageukia WhatsApp. Anaifungua kwenye simu yake, anaandika namba yako, ujumbe wenye tarakimu sita unaingia kwenye kitochi, na sasa yeye ndiye wewe kwenye kundi la familia na la kikoba. "Jamani nimekwama hospitali, nitumieni laki mbili kwenye namba hii ya dokta." Shangazi anaona jina lako na picha yako, anatuma. Hapa hasara haikuandikwa kwenye salio lako hata kidogo, ila ndugu watakuja kukudai wewe.

Njia zote hizi zinaanzia mahali pamoja: laini ilikubali kufanya kazi kwenye kitochi cha mtu mwingine bila kuuliza chochote.

PIN ya laini, kufuli ambalo karibu hakuna anayelitumia

Laini ina kufuli yake yenyewe, tofauti na kufuli ya kioo na tofauti na namba ya siri ya pesa. Ikiwashwa, laini haishiki mtandao mpaka uandike PIN yake kila mara simu inapowashwa au laini inapohamishiwa simu nyingine. Kibaka akiitia kwenye kitochi anakutana na maandishi ya kuomba PIN. Ana nafasi tatu. Akikosea zote laini inadai PUK, namba ya tarakimu nane, na akikosea PUK mara kumi laini inakufa moja kwa moja. Kwako hilo si msiba, kwani utairudisha kwa alama ya kidole chako. Kwake yeye ni mwisho wa safari.

Kuiwasha kunahitaji uangalifu kidogo, na watu huumia katika hatua ya kwanza. Laini hutoka kiwandani na PIN yake, mara nyingi 0000 au 1234, ila kampuni hutofautiana, na simu itakuuliza PIN hiyo ya zamani kabla hujaweka yako. Usibahatishe. Tafuta kile kikadi cha plastiki ambamo laini ilivunjwa. PIN na PUK huandikwa humo. Kikadi kimepotea? Piga 100 uwaombe PUK yako kwanza, uiandike kwenye karatasi, ndipo uanze. Kisha fungua Mipangilio, na badala ya kuhangaika na menyu ambazo Tecno, Infinix na Samsung kila moja imezipanga kivyake, andika "SIM" kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu. Utaona sehemu ya kufunga SIM kadi. Iwashe, weka PIN ya zamani, halafu ibadili iwe tarakimu zako. Kwenye iPhone, ambayo menyu zake ni za Kiingereza, fungua Settings, kisha Cellular, kisha SIM PIN. Wenye laini mbili wafanye mara mbili, kwani kila laini ina PIN yake.

Ukimaliza, zima simu na uiwashe. Isipokuuliza PIN, kufuli haikuwaka.

Usumbufu wake ni mmoja: simu ikijizima usiku kwa kuisha chaji, ukiiwasha asubuhi ukasahau kuweka PIN, hutapokea simu ya mtu. Tunaona hiyo ni bei ndogo. Na tuseme wazi mpaka wake: PIN ya laini humzuia aliyeshika laini yako. Haimzuii anayekwenda kwa wakala kutengenezewa laini mpya yenye namba yako. Huyo tutamfikia.

Kioo, na siri zilizolala mle ndani

Kosa linalogharimu zaidi ni kutumia tarakimu zilezile kufungulia simu na kutolea pesa. Unafungua simu mara nyingi kwa siku, mbele ya watu: kwenye foleni, kwenye kiti cha daladala, nyuma ya bodaboda. Aliyekaa nyuma yako akiona 2580 ikifungua kioo, na simu ikapokonywa vituo viwili mbele, atajaribu 2580 kwenye M-Pesa kabla ya kingine chochote. Namba ya siri ya pesa iwe haijatumika mahali pengine popote. Ya kioo iwe ya tarakimu sita, ambayo ina michanganyiko milioni moja. Patani ya kuchora iacheni. Mwendo wa kidole huonekana hata kutoka mbali, na mara nyingine mafuta ya kidole hubaki kwenye kioo kama mchoro. Alama ya kidole na uso ni vizuri, maana hakuna cha kuchunguliwa, ila kumbuka nyuma yake kuna tarakimu, na usalama wake hauzidi wa tarakimu hizo.

Kisha zima maandishi ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. Kwenye Mipangilio, sehemu ya arifa, chagua kuficha maudhui nyeti kwenye skrini iliyofungwa. Usipofanya hivyo, namba ya uthibitisho ya benki inasomeka bila mtu kufungua chochote, na kufuli ya kioo imekuwa pambo.

Halafu ingia mwenyewe kwenye galari yako, uitazame kwa macho ya mwizi. Picha ya NIDA mbele na nyuma. Picha ya kadi ya benki uliyompigia mtu. Picha ya karatasi ya nenosiri. Fungua na majina: wapo wanaohifadhi namba ya siri kama namba ya simu ya mtu wa kubuni, "Mjomba Benki", zikaandikwa 0754 halafu tarakimu nne zikarudiwa. Anayepora simu kila wiki anaijua mbinu hiyo. Huandika "benki", "pesa" na "siri" kwenye kisanduku cha kutafuta majina, akasoma kinachotokea. Futa. Ukifuta picha, fungua pia pipa la taka la galari, kwa sababu picha hukaa humo wiki kadhaa kabla ya kupotea kweli.

Namba ya siri ikijulikana, hasara haiishii kwenye salio. Laini nyingi leo zina mikopo ya papo kwa papo: Songesha na M-Pawa kwa Vodacom Tanzania, Fuliza na M-Shwari kwa Safaricom ya Kenya. Mwizi anamaliza salio, kisha anakopa kwa jina lako hadi kiwango chako kiishe, anahamisha na hiyo. Anayesema "laini yangu haina kitu, ataiba nini" hajaangalia kiwango chake cha kukopeshwa.

Kwa hiyo gawanya pesa. Kwenye mkoba wa simu weka ya matumizi ya siku chache. Akiba ikae kwenye akaunti isiyounganishwa na simu, au inayohitaji ufike tawini. Wafanyabiashara wengi wana utaratibu mwingine mzuri: laini ya pesa inakaa kwenye kitochi nyumbani au dukani, na namba inayotembea nao haina mkoba mkubwa wala haikuunganishwa na benki. Utaratibu huu una maana pale tu laini mbili zinapokaa katika simu mbili.

Mwizi asiyegusa simu

Simu iko mezani kwako, ina chaji, ghafla inaandika kwamba haina mtandao. Jirani yako wa mtandao huohuo anapiga kama kawaida. Umeizima na kuiwasha, bado. Usisubiri. Dalili hii ina maana huenda kuna mtu amerudisha laini yenye namba yako mahali pengine, na mitambo imeizima ya kwako kwa sababu namba moja haifanyi kazi kwenye laini mbili. Azima simu ya mwenzako sasa hivi, piga 100, uulize kama laini yako imebadilishwa, uwaambie waifunge pamoja na mkoba wa pesa. Wahalifu hupenda kufanya hivi usiku wa manane au mwishoni mwa wiki, mwenye laini akiwa amelala au ofisi zimefungwa.

Tanzania ilipoanza kusajili laini kwa alama ya kidole na namba ya NIDA mwaka 2019, njia hii ilibanwa, ila haikufa. Mwanya uliobaki ni watu: wakala asiye mwaminifu, au mwenye laini mwenyewe kudanganywa atoe kidole. Tazama jinsi inavyofanyika barabarani. Kijana wa kusajili laini chini ya mwavuli anakuwekea kidole, anatazama kimashine, anasema "imekataa, mtandao mbovu, weka tena". Unaweka mara ya pili, mara ya tatu. Ya kwanza ilikubali. Ya pili imesajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ndiyo kesho itakayopokea pesa za waliotapeliwa, polisi wakija watakuja na jina lako.

Kinga yake ni ya dakika moja. Piga *106# kwenye simu yako uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika uifute. Fanya hivyo kila ukitoka kusajili laini, na kila baada ya miezi kadhaa. Kijana akisema "imekataa", mwombe akuonyeshe kioo cha kimashine kabla ya kurudia. Aliye halali hana sababu ya kukificha.

Walio Kenya wana kinga ya ziada kwa laini za Safaricom: piga *100*100# kwa laini yenyewe, na kuanzia hapo namba yako haiwezi kurudishwa na wakala wa mtaani, mpaka ufike mwenyewe kwenye duka la kampuni na kitambulisho.

Na jambo linalosahaulika: laini uliyoiacha kwenye droo. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha namba hupewa mteja mwingine. Kama benki au barua pepe yako bado inaijua namba ile, namba za uthibitisho zitakwenda kwa mtu usiyemjua. Kabla ya kuitelekeza namba, iondoe kwenye benki, kwenye barua pepe na kwenye WhatsApp.

Anayekupigia na kukuandikia

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Ujumbe huu unajulikana nchi nzima, hata umekuwa utani, lakini bado unakula watu, na inafaa kuelewa kwa nini. Hautumwi kwako. Unatumwa kwa maelfu ya namba kwa pamoja, na miongoni mwao wapo wachache ambao kweli asubuhi ile walikuwa wanakaribia kumtumia mtu pesa: kodi, ada, mchango. Kwa mtu huyo ujumbe unakuja wakati uleule aliokuwa anausubiri. Ile ya "mimi mwenye nyumba wako, namba yangu ya zamani haina salio" hufanya kazi tarehe ambazo kodi zinalipwa. Kwa hiyo kuwa mjanja hakutoshi. Kinachotosha ni desturi: namba mpya ya kupokelea pesa haikubaliwi kwa maandishi, hata itoke kwa nani, mpaka umempigia mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani ukasikia sauti yake.

Ujumbe bandia wa kupokea pesa nao huandikwa kwa mpangilio uleule wa M-Pesa, na kumbukumbu ya muamala, na salio jipya. Kisha mtu anapiga, sauti ya mnyonge, "kaka nimekosea namba, naomba unirudishie". Usisome ujumbe, angalia salio kwenye menyu. Salio halikuongezeka, hakuna kilichoingia. Na kama kweli imeingia? Hata hapo usirudishe kwa mkono wako. Mwambie awasiliane na mtandao wake, muamala urudishwe na mitambo. Ukituma wewe, naye akawa ameshaomba urejeshwaji, utakatwa mara mbili.

Kuhusu wanaojiita huduma kwa wateja: kampuni za Tanzania humpigia mteja kwa namba 100. Namba ya kawaida ya 07 au 06 inayosema "tunaboresha laini yako, usikate simu" ni ya tapeli, tena neno "usikate simu" ndilo linalomfichua, kwa sababu akikuachia dakika moja utauliza mtu. Safaricom hupiga kwa 0722 000 000. Hata namba ikiwa sahihi, hakuna mfanyakazi wa kampuni wala wa benki anayehitaji namba yako ya siri au namba ya uthibitisho. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040 ukiwa Tanzania, au 333 ukiwa Safaricom, pamoja na namba iliyoutuma.

Jihadhari na anayekuelekeza ubonyeze alama kwenye kitufe cha kupiga. *21* ikifuatiwa na namba ya simu na # inaelekeza simu zako zote zinazoingia kwa mwenye namba ile, ikiwemo simu ya benki inayokusomea namba ya uthibitisho. Ukishuku umeshafanya hivyo, piga *#21# uone hali, kisha ##002# kufuta uelekezaji wote.

Programu zinazosoma kioo

Kwenye Android hatari kubwa haiji kwa "virusi" visivyoonekana. Inakuja kwa faili linaloishia na .apk, lililotumwa WhatsApp au Telegram: kadi ya harusi, programu ya mkopo, WhatsApp ya rangi nyingine, programu ya kubeti. Faili hilo likisakinishwa huomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyotengenezwa kuwasaidia wasioona vizuri. Ruhusa hii inaiwezesha programu kusoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ukishaikubali, programu inaweza kukuona ukiandika namba ya siri, kusoma namba ya uthibitisho, na kufungua programu ya benki usiku umelala. Kuanzia Android 13 simu huzuia ruhusa hiyo kwa programu zilizotoka nje ya Play Store. Ndiyo maana tapeli hukuelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kukiondoa kizuizi. Maelekezo ya namna hiyo yakianza, umeshafika ukingoni.

Fanya ukaguzi leo. Mipangilio, kisha ufikivu: tazama ni programu gani zimewashwa. Kama huna tatizo la kuona au kusikia, orodha ya programu zilizopakuliwa iwe tupu au iwe na unachokijua. Kisha tafuta "programu zisizojulikana" na uzime ruhusa kwa WhatsApp, Telegram na kivinjari. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali za mafundi wa kompyuta, lakini mtu aliyekupigia simu akitaka uisakinishe mojawapo na kumsomea namba iliyotokea, anataka kukaa kwenye kioo chako.

Programu za mikopo zinastahili neno lake. Nyingi huomba kusoma majina yote uliyohifadhi, na ukichelewa kulipa, wanaopigiwa ni bosi wako na mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na kibali. Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na Benki Kuu huko hutoa orodha ya wenye leseni. Kabla ya kupakua, tafuta jina kwenye orodha ya Benki Kuu ya nchi yako. Play Store peke yake haikuthibitishii leseni.

Mawili yanayoogopwa kupita kiasi ni intaneti ya bure ya hotelini na chaji ya USB ya stendi. Programu za benki husimba mawasiliano yake, yaani huyafanya yasisomeke na mwingine, na simu za sasa hukuuliza kabla ya kutoa data kwa waya. Tumia bando lako kwa miamala kama unaweza, usikubali ombi la kuhamisha faili, basi.

Fundi ni jambo zito zaidi. Simu ikipelekwa kubadilishwa kioo, toa laini zote na kadi ya kumbukumbu kabla hujaikabidhi. Fundi akisema anahitaji namba ya kufungulia ili ajaribu mguso, Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo, na Pixel zina hali ya ukarabati, ambazo hufungua simu tupu na kuficha vitu vyako. Simu isiyo na hali hiyo, kaa hapohapo fundi akijaribu, uifungue kwa mkono wako. Nyumbani badilisha namba ya kufungulia.

Saa ya kwanza

Mpangilio una maana, kwa sababu pesa ikitoka kwenye mkoba wako huhamia mtandao mwingine mara moja na kutolewa kwa wakala ndani ya dakika. Ikishakuwa noti hairudi.

Anza na laini. Azima simu, piga 100. Kama mtandao wa simu uliyoazima si wako, tafuta mtu wa mtandao wako. Taja mambo mawili kwa majina: fungeni laini, na fungeni mkoba wa pesa. Pili ni benki, namba iliyo nyuma ya kadi yako. Waambie wafunge huduma za simu pamoja na kadi. Tatu ndiyo simu yenyewe. Kwa Android kuna android.com/lock, inayofunga kioo kwa kuandika namba yako ya simu tu, lakini lazima uwe umeiwasha mapema kwenye mipangilio ya Google, sehemu ya ulinzi dhidi ya wizi. Hapohapo kuna kitufe cha kuifanya simu ijifunge ikihisi imenyakuliwa; kiwashe kama simu yako inacho. Kwa iPhone ingia icloud.com/find, haidai namba ya uthibitisho, kwa sababu Apple wanajua simu ya kuipokelea ndiyo iliyopotea. Na kama iPhone yako ina iOS 17.3 au zaidi, ulinzi wa kifaa kilichoibwa, ukiwa umeuwasha mapema, hulazimisha uso au kidole, na kusubiri saa moja, kabla nenosiri la Apple halijabadilishwa mahali ambapo simu haijapazoea.

Barua pepe ya Google itakukwamisha hapa ikiwa uthibitisho wake unakwenda kwenye simu iliyoibwa. Google hutoa namba kumi za akiba, tarakimu nane kila moja; zichapishe leo, ziweke nyumbani pamoja na PUK na IMEI. IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe yenye tarakimu 15, unaipata kwa kupiga *#06#.

Kisha kituo cha polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na duka la kampuni kurudisha laini. Laini mpya ikishika, sajili WhatsApp upya mara moja, mwizi atatolewa. Kama aliweka PIN ya hatua ya pili kabla yako, itakubidi kusubiri siku saba, na hiyo ndiyo sababu ya kuiweka wewe mwenyewe leo, ukiwa umetulia, kwenye mipangilio ya akaunti.

Kabla hujaondoka dukani, omba taarifa ya miamala ya siku ile, uangalie mikopo na salio pia. Kagua Songesha au Fuliza kama kuna deni usilolijua, piga *106#, piga *#21#. Ukikuta mkopo uliochukuliwa baada ya simu kuibwa, pinga kwa maandishi siku hiyohiyo, ukiambatanisha namba ya RB na saa uliyopiga 100. Iandike saa hiyo mahali mara unapokata simu, kwa sababu muamala uliopita baada ya wewe kutoa taarifa unadaiwa kwa hoja nyingine kabisa na ule uliopita kabla.